Kinachomaliza barafu chomboni

Manahodha wanaonijia niwaundie sanduku la barafu huanza na habari za jua. Wanataka turubai, rangi nyeupe, gunia bichi juu ya kifuniko. Vyote vinafaa. Lakini mimi huuliza kwanza: soda mnazipakia zikiwa baridi, au zikiwa na joto la ghala?

Swali hilo nilijifunza kwa hasara. Tulitoka Lamu kwenda Kiwayu, safari ya siku tatu, katikati ya msimu wa joto wa kaskazi. Sanduku nililiunda mwenyewe, tukapakia kilo 25 za barafu. Dakika ya mwisho zikaja kreti 3 za soda kutoka dukani, zikapangwa humohumo juu ya kuku. Siku ya pili alasiri barafu imekwisha, kuku ananuka, tukamtupa. Niliona uchungu, maana abiria walikuwa wameniamini.

Niliporudi nikakaa na kalamu. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunahitaji kilojuli 334 za joto. Chupa 24 za mililita 300, ukihesabu na kioo chake, zikishuka kutoka nyuzi 30 hadi 5 hula karibu kilo 3 za barafu. Kreti 3 ni kilo 9. Sanduku lenyewe, urefu sentimita 80, upana 50, kina 45, lenye kuta za foamu ya sentimita 5, hupitisha joto la kuyeyusha kilo 8 hivi kwa siku nzima. Kwa hiyo zile soda zilikula barafu ya zaidi ya siku moja, na bado sijahesabu kifuniko kilichofunguliwa kila mtu aliposhikwa na kiu.

Tangu hapo siundi sanduku moja, naunda mawili. La vinywaji lifunguliwe watakavyo. La chakula afungue mpishi peke yake, mara mbili kwa siku. Soda na maji vilale kwenye friji nchi kavu usiku wa kuamkia safari, na nyama igandishwe kabisa; hapo nayo inakuwa barafu.

Kuta siku hizi nazijaza foamu ya sentimita 10, na upotevu unashuka nusu. Ila unene haufai kitu foamu ikinywa maji. Nimefungua masanduku mengi ya zamani nikakuta foamu imelowa kama sponji kwa sababu ya ufa mdogo wa faibaglasi pembeni mwa tundu la kutolea maji. Foamu iliyolowa hupitisha joto, na mwenye chombo anamlaumu muuza barafu. Ziba ufa mapema. Na sanduku likae mbali na injini.

Kuhusu maji yanayoyeyuka, watu hubishana sana. Kwenye sanduku la vinywaji usiyamwage: maji yenye barafu yanaikumbatia chupa pande zote na kuipoza upesi kuliko hewa. Kwenye la chakula yatoe, kwa sababu yanabeba damu ya kuku hadi kwenye matunda. Mimi hugandisha maji ya kunywa ndani ya chupa za plastiki za lita 5 na kuzipanga huko. Zikiyeyuka hazilowanishi chochote, na siku ya tatu abiria wanayanywa yakiwa bado baridi.