Vitamini za kiwandani na vitamini za asili: soma kipimo kabla ya kusoma neno “asilia”

Malalamiko mawili yanafikia ofisi yetu ya ukaguzi wa bidhaa mara kwa mara kutoka mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi hapa Lubumbashi, na yote mawili yana mzizi mmoja. La kwanza linasema unga wa mahindi ulioandikwa “umeongezwa vitamini” umetiwa kemikali, watoto wasiule. La pili linaletwa na mtu aliyenunua kwa mchuuzi chupa ya “vitamini asilia mia kwa mia”, akalipa mara kadhaa ya bei ya farmasi, na bado hajaona nafuu. Wote wawili wameamini kwamba vitamini ya kwenye jani ni nzuri na ya kiwandani ni mbaya. Kwa baadhi ya vitamini ni hivyo kidogo, kwa nyingine ni kinyume kabisa, na kwa nyingi hakuna tofauti.

Chukua vitamini C. Jina lake la maabara ni asidi askobiki: atomi 6 za kaboni, 8 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Mwaka 1933, huko Uswisi, mkemia Tadeus Reichstein alionyesha njia ya kuitengeneza kutoka glukosi, na hatua mojawapo ya njia hiyo hufanywa na bakteria. Kinachotoka mwishoni ni molekuli ileile iliyo ndani ya pera, na utumbo hauna pa kuulizia ilikotoka. Pera lina faida nyingine: nyuzi, maji na vitu vya mmea ambavyo kidonge hakina. Kwa hiyo hakuna mtu katika ofisi hii atakayekuambia uache mapera ununue vidonge. Pera moja la kawaida linazidi miligramu 45 ambazo mtu mzima anahitaji kwa siku.

Hapo ndipo hesabu ya yule mchuuzi inapovunjika. Lebo yake inasema kila kidonge kina miligramu 500 za vitamini C “kutoka machungwa halisi”. Gramu 100 za chungwa lililomenywa zina takriban miligramu 50. Ili kufika 500 unahitaji kilo nzima, na ukiikausha utabaki na gramu 130 hivi. Kidonge kina uzito wa gramu moja au mbili. Basi karibu vitamini yote iliyomo ni asidi askobiki ya kiwandani, na unga kidogo wa chungwa umewekwa kwa ajili ya harufu. Asidi hiyo haina ubaya wowote. Ubaya uko kwenye bei na kwenye maandishi.

Vitamini B12 inachanganya watu zaidi, kwa sababu hakuna jani linaloitengeneza. Si sombe (majani ya muhogo), si matembele, si moringa. Inatengenezwa na bakteria tu: ama wale walio tumboni mwa ng'ombe, ambao kazi yao inatufikia kupitia nyama na maziwa, ama wale wanaofugwa katika matangi ya kiwanda. Ukiitaja ya tangini kuwa “bandia”, itabidi ueleze bakteria wa ng'ombe wana cheo gani zaidi.

Tofauti ya kweli ipo kwenye vitamini E. Ile ya mimea ina umbo moja. Ile ya kiwandani ni mchanganyiko wa maumbo manane, na mwili unahifadhi nusu tu. Kwenye lebo, herufi “d-alpha” zinaonyesha ya asili, na “dl-alpha” zinaonyesha ya kiwandani. Kwa hiyo miligramu 10 za kwanza zinafanya kazi ya miligramu 20 za pili. Herufi moja tu, na wengi wanaipita.

Kwenye foleti, yaani vitamini B9, mambo yanageuka. Foleti ya mboga inavunjwa na joto, inatoka na maji ya kuchemshia, na mwili unaichukua kwa tabu. Asidi foliki ya kiwandani ni imara zaidi, na mikrogramu 0.6 yake ikiliwa pamoja na chakula inalingana na mikrogramu 1 ya foleti ya chakula. Sombe lazima litwangwe na lichemshwe muda mrefu ili sumu ya sianidi itoke. Tusije tukasikia mtu amepunguza muda wa kuchemsha ili “kuokoa vitamini”. Lakini baada ya kuchemka huko, usitegemee foleti yake kwa mama mjamzito. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kama wana mimba, seuze kufika CPN (kliniki ya wajawazito). Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi foliki ilipunguza kwa asilimia 72 kurudiwa kwa kasoro ya mfereji huo kutofunga kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye nayo. Kipimo cha kawaida kwa anayetarajia mimba ni miligramu 0.4 kila siku. Ndiyo sababu kuu ya kutia vitamini hiyo kwenye unga: unga humfikia mama kabla ya muuguzi.

Sasa unga wenyewe, maana hapa Lubumbashi bukari (ugali wa mahindi) ndiyo msingi wa sahani. Mahindi yana niasini, yaani vitamini B3, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo utumbo wetu hauwezi kuifungua. Wenyeji wa Meksiko waliloweka na kuchemsha mahindi katika maji ya chokaa tangu zamani, na chokaa hiyo huifungua. Sisi hatuna desturi hiyo. Juu ya hayo tunapenda unga mweupe, laini, uliokobolewa, ambao umetolewa pumba na kiini. Kiwanda hukitoa kiini kwa sababu mafuta yake hufanya unga uchache upesi, na vitamini B1 nyingi huondoka nacho. Kwa hiyo mtu anayekula bukari nyeupe kwa mboga ya lengalenga kidogo, bila dagaa wa ndakala, bila samaki wa tomsoni, bila karanga, anaweza kupata pelagra: ngozi inababuka shingoni na mikononi palipopigwa na jua, kuhara, kisha akili kuchanganyikiwa. Mwaka 1990, kati ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, mgawo wa karanga ulikatika na karibu watu 18,000 waliugua. Mahindi yao yalikuwa ya asili kabisa. Niasini ya kiwandani haijafungwa na kitu. Ikitiwa kwenye unga inapita moja kwa moja.

Viwango vinavyofuatwa si vya kubahatisha. Pale ambapo watu hula wastani wa gramu 150 hadi 300 za unga kwa siku, mapendekezo ya OMS (Shirika la Afya Duniani) ya mwaka 2009 ni miligramu 1.3 za asidi foliki na miligramu 0.01 za B12 kwa kilo ya unga, na miligramu 20 za chuma ikiwa unga haujakobolewa sana na chuma hicho ni cha aina ya NaFeEDTA. Piga hesabu: gramu 300 zenye asidi foliki ya 1.3 kwa kilo ni mikrogramu 390. Hakuna anayelishwa dawa kwa siri.

Kinachoharibika ni uchanganyaji. Kiwandani, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) hudondoshwa na mashine ya kupimia, gramu mia chache kwa tani moja ya unga. Chombo cha premiksi kikiisha na hakuna aliyetazama, tani kadhaa hupita bila kitu huku mfuko ukiendelea kusema “umeongezwa”. Mfuko wa premiksi ukiachwa wazi kwenye joto, vitamini A ndiyo ya kwanza kufa. Na tafadhali, muline (mashine za kusaga) za mtaani zisinunue vipakiti vya kuchanganya kwa koleo: gramu chache hazisambai sawa ndani ya mfuko wa kilo 25 kwa mkono, na meka moja (kopo la kupimia) itabeba sehemu ya mfuko mzima.

Kuna pia jaribio la sumaku, la kuonyesha eti unga umetiwa vyuma, ambalo linarudi kila mwaka kwenye simu za watu. Baadhi ya aina za chuma kinachotiwa kwenye unga ni unga wa chuma halisi, laini mno, chini ya milimita 0.045 kwa aina iliyo ya kawaida, na sumaku inauvuta. Huo ndio mpango. Ukiona vipande vinavyong'aa au vinavyokwaruza kidole, hicho si chuma cha lishe. Kimetoka kwenye nyundo zilizochakaa za muline, na hilo ni lalamiko halali kabisa.

Mafuta yanahitaji maelezo kidogo zaidi. Mawese mekundu yana karotini, takriban miligramu 500 hadi 700 kwa kilo, ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Karotini ya kwenye majani mwili huichukua kwa shida: mikrogramu 12 za beta-karotini kwa kila mikrogramu 1 ya vitamini A. Ikiwa imeyeyuka ndani ya mafuta, takriban 2 zinatosha. Hapa asili inashinda, mradi mama asiichome. Kuweka mawese motoni hadi yafuke moshi na kuwa meupe ni kumwaga karotini yote. Tia mawese kwenye sombe inayochemka, usiyaunguze kwanza peke yake. Mafuta meupe ya kiwanda yamekwisha kusafishwa kwa udongo maalumu na joto kali, hayana karotini hata chembe, kwa hiyo vitamini A (retinoli palmitati) hutiwa upya. Nayo huuawa na jua: chupa zinazoonekana ndani, zilizopangwa barazani kutwa nzima, hupoteza vitamini kabla ya tarehe iliyoandikwa. Nunua zilizo ndani ya duka. Na sukari inayoingia kutoka Zambia, ambako kutia vitamini A kwenye sukari ya nyumbani kulianza mwaka 1998, ihifadhiwe palipo pakavu.

Vitamini A ndiyo pekee hapa inayotutia wasiwasi wa kuzidi. Kwa mtu mzima mpaka wa juu ni UI (vipimo vya kimataifa) 10,000 kwa siku, sawa na miligramu 3 za retinoli, na mama mjamzito asiuvuke kwa kuwa kasoro za mtoto zinajulikana. Kapsuli za kampeni ya watoto, ya bluu yenye UI 100,000 mara moja kwa miezi 6 hadi 11 na nyekundu yenye 200,000 kila miezi 4 hadi 6 kwa miezi 12 hadi 59, hutolewa na mhudumu wa afya. Si za kugawana na jirani. Wala kupatikana pia kwenye karoti hakukifanyi kidonge kiwe salama: mwaka 1994 utafiti wa Ufini kwa wanaume 29,133 wavuta sigara ulionyesha kwamba waliomeza miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Karoti hazijamdhuru mtu. Vidonge vya karotini kwa mvuta sigara ni jambo jingine.

Kwa wauzaji, utaratibu ni huu, na tunauandika kwa urefu kwa sababu ndio unaosahauliwa. Bidhaa yenye umbo la dawa (kidonge, kapsuli, sirapu) au inayodai kutibu inapitia kwanza ACOREP (mamlaka ya dawa ya Kongo) kwa kibali cha kuuzwa. Mpakani, Kasumbalesa au kwingineko, inatangazwa kwa DGDA (forodha) na kukaguliwa na OCC (ofisi ya Kongo ya ukaguzi wa bidhaa). Ofisi moja haijibu kwa niaba ya nyingine: karatasi ya DGDA inathibitisha ushuru, haithibitishi vitamini. Tayarisha fakitire (ankara), cheti cha uchunguzi wa maabara cha loti (fungu la bidhaa) ileile iliyo kwenye lori (si cha loti ya mwaka jana), namba ya loti, tarehe ya kutengenezwa na ya kumalizika. Sampuli huchukuliwa mbele ya mwenye mali au mtu wake, hugawanywa, hutiwa muhuri, na sehemu moja hubaki kwa ajili ya mabishano. Sahihi kwenye PV (hati ya ukaguzi) inaonyesha ulikuwepo, si kwamba umekiri. Ukikataa kusaini, itaandikwa umekataa.

Bidhaa ikishindwa, hushikwa. Inaweza kurudishwa ilikotoka au kuharibiwa, kwa gharama ya mwenyewe, na kulipa faini hakuifanyi iwe halali; wapo wanaodhani wamenunua ruhusa. Kuvunja muhuri wa stoo ni kosa la peke yake, nalo linaishia parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Kubandika tarehe mpya juu ya ya zamani pia. Malipo ya Serikali hulipwa benki kwa noti rasmi (hati ya kudai malipo), na anayetaka pesa mkononi aombwe noti hiyo kwanza.

Mnunuzi anayeshuku bidhaa asiipeleke kwa jirani kuijaribu kwa moto au kwa kuitia majini. Vitamini haipimwi hivyo. Ailete ofisini kwetu ikiwa bado ndani ya tarehe yake, kwa sababu baada ya hapo kiwango kilichoshuka si kosa la kiwanda tena. Ailete ndani ya mfuko au chupa yake ya kwanza, loti ikisomeka, pamoja na risiti ikiwa ipo, siku aliyonunua na mahali alipoiweka nyumbani. Unga usiopungua kilo moja. Ulioletwa kwenye fulari (kitambaa cha kichwa) hatuupokei, hata kama una vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, maana hatutaweza kumwambia mwenye kiwanda kwamba ni wake.