Mpe mtoto kamera, kisha msikilize

Daftari la mahudhurio halitoshi kukuambia kama shule ni jumuishi. Litakuonyesha kwamba mtoto mwenye uoni hafifu yumo darasani; anachokiona akiwa amekaa pale, halikijui. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inampa haki ya kusoma na wenzake. Mimi nataka kujua anasomaje. Kwa hiyo katika shule za msingi ninazofanyia utafiti, wilaya za Chamwino na Bahi mkoani Dodoma, kamera nawakabidhi watoto wenyewe.

Njia hii waliianzisha Caroline Wang na Mary Ann Burris miaka ya 1990, wakiwa na wanawake wa vijijini mkoani Yunnan, China. Mshiriki anapiga picha, anachagua zenye maana kwake, halafu anazieleza mbele ya wenzake. Kwangu, utafiti uko hasa kwenye hayo maelezo.

Mwanafunzi mmoja mwenye ualbino alileta picha ya ubao na dirisha. Nilipomwomba aieleze, aliweka kidole kwenye weupe uliofunika nusu ya ubao: jua la saa nne, lile la Dodoma lisilo na huruma, likipenya dirishani. Hapo, alisema, hesabu hazionekani mpaka mchana. Mwalimu alikuwa amemkalisha dawati la mbele, kama inavyoshauriwa siku zote, ila upande uleule unaopigwa na jua. Dodoso lingeuliza kama anakaa mbele, lingejibiwa ndiyo, na mambo yangeishia hapo.

Nyuso ni suala zito. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa, picha yenye sura ya mtoto na jina la shule yake inaweza kumhatarisha. Kibali cha halmashauri na saini ya mzazi ni mwanzo tu. Mtoto naye aulizwe, tena aulizwe upya akishaiona picha. Mimi nawahimiza wapige vitu: mlango, bomba, ngazi ya choo.

Na wasioona? Mkoa wenye shule ya wasioona kama Buigiri hauwezi kulikwepa swali hilo. Tunatumia udongo wa mfinyanzi. Mtoto anafinyanga ramani ya shule yake, anachomeka vijiti kuonyesha njia anazopita, anaweka kokoto kila anapojikwaa, huku tukimrekodi akisimulia. Kokoto zikirundikana kati ya darasa na choo, naipeleka ramani hiyo kwenye kamati ya shule kabla hata sijaanza kuandika ripoti.