Mnazi hulipa deni la kiangazi kwa kuchelewa

Kaskazi ikishika, Malindi nzima huwa na neno moja: ukame. Siyo. Januari hadi Machi ni kiangazi, nacho huja kila mwaka. Ukame ni pale vuli imekosa kunyesha, au Aprili inaingia na masika hayaonekani.

"Mbona kuna unyevu, shati halikauki mgongoni?" Jasho lako si maji ya shamba. Hewa yetu imebeba mvuke wa bahari, lakini mmea hunywa kwa mizizi. Ingiza mkono mchangani hadi kwenye kiwiko: vumbi tupu.

Dhana iliyoshika zaidi ni ya mnazi. Mtu huona makuti ya kijani mwezi wa pili akasema mnazi haujali jua. Mwaka unaofuata, mvua imenyesha vizuri, mkwezi anashusha nazi chache tena ndogo, na lawama zinamwendea jirani mwenye kijicho. Kutoka karara, ganda linalofunika maua ya mnazi, kupasuka hadi nazi kukomaa ni karibu miezi 12. Mnazi mzima hutoa karara kama moja kila mwezi, ndiyo maana kule juu huwa na kidaka, yaani tunda changa kabisa, kitale, dafu, koroma na nazi kwa pamoja. Kiu ikizidi, vidaka ndivyo hutupwa kwanza. Pita chini ya mnazi mwezi wa tatu utavikanyaga, vidogo kama ndimu, vyepesi, vimekauka. Hizo ni nazi za mwakani. Na kwa kuwa maua huanza kuumbika ndani ya kilele zaidi ya mwaka kabla karara haijatokeza, kiangazi kibaya kinaweza kudai hadi mwaka wa tatu.

Muhogo nao husingiziwa kufa. Umepukutisha majani kubana maji, basi. Ila uliokomaa uvune kabla ya masika: mvua ikirudi, mmea huchota wanga wa mzizi kuotesha majani mapya, nawe unabaki na muhogo wa majimaji, mgumu kuiva.

Halafu kuna wanaopanda kwa kuona Sabaki umefura. Mto huo huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukawa Galana, ndipo ukatufikia sisi. Maji mekundu chini ya daraja ni habari ya mvua ya bara, si ya hapa kwetu Magarini. Mbegu ya mahindi ikae kibuyuni mpaka mchanga wa hapa uloe hadi kwenye kiwiko.