Macho yanayowaka uani: dhana potofu kuhusu kumulika wanyama wa usiku

Tabora ni mji wa miembe, na miembe ina wakazi wake wanaoamka sisi tukilala. Giza likishakolea, kuanzia kama saa mbili usiku, mtu akitoka nyuma ya nyumba na tochi anaweza kuona viumbe ambao hakujua kwamba anakaa nao kiwanja kimoja. Lakini wengi humulika wasione kitu, na wengine wakiona hukimbilia ndani. Yote mawili yanatokana na maneno yaliyozoeleka ambayo si kweli.

Dhana: Ukitaka kuwaona, nunua tochi kali

Hii ndiyo inayowapotezea watu fedha. Nyuma ya jicho la wanyama wengi wa usiku kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo. Mwanga ukiingia hupita kwenye sehemu inayoona, hugonga utando, kisha hupita tena kwa mara ya pili. Ndiyo sababu mnyama huyo anaona kwenye giza ambalo sisi tunajikwaa. Mwanga unaobaki hurudi kulekule ulikotoka, yaani kwenye tochi yako. Ukiishika tochi kiunoni, mng'ao unarudi kiunoni, na macho yako yaliyo juu hayaupati.

Kwa hiyo inua tochi mpaka kwenye shavu, kando ya jicho, na uielekeze unakotazama. Tochi ya lumeni 100 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) iliyoshikwa hivyo itakuonyesha macho ya komba aliye mita 30. Ya lumeni 1,000 iliyoshikwa tumboni itakuonyesha majani tu, na ikikutana na vumbi la kiangazi au moshi wa jikoni itakurudishia ukungu mweupe usoni. Tochi ya kuvaa kichwani inafaa sana, ila huleta wadudu machoni. Taa ya simu hutawanyika, hivyo baada ya mita chache haina nguvu tena.

Kabla ya kumulika, zima taa ya nje na ukae gizani dakika 20 hadi 30, maana jicho la binadamu linahitaji muda huo kuzoea giza. Ukichungulia simu katikati, umeanza upya. Kisha pitisha mwanga polepole, kwanza chini ya ua, halafu shina, halafu matawi. Wengi huzungusha tochi kama wanaita gari. Mnyama akigeuza kichwa kwa sekunde moja tu, wameshampita.

Dhana: Rangi ya macho inakuambia ni mnyama gani

Inasaidia kidogo tu. Mnyama yuleyule anaweza kung'aa kijani, akageuza kichwa akang'aa njano, na aina ya taa nayo hubadilisha rangi. Tazama urefu kutoka chini, nafasi kati ya macho, na zaidi ya yote mwendo. Komba ana macho mawili makubwa yaliyokaribiana, mekundu kama kaa la moto, na huruka: yanazimika kwenye tawi moja, mara yanawaka mita mbili pembeni. Kanu, yule mwembamba mwenye madoa na mkia wa pete, haruki hivyo. Macho yake huteleza juu ya tawi kwa mstari mmoja. Kirukanjia, yule ndege wa usiku, hukaa chini kabisa, hata katikati ya njia, na jicho lake huwaka ukadhani kuna kipisi cha sigara.

Sasa inama utazame nyasi. Utaona vitone vidogo vya kijani-buluu, vingi, kama umande. Sogeza kichwa kidogo: umande utametameta na kubadilika rangi, lakini vile vinavyobaki palepale ni buibui wanaowinda ardhini. Ukimkaribia bila kushusha tochi, utamwona mwenyewe, wa kijivu, miguu imetandazwa. Watu wachache wanajua kwamba uani kwao kuna makumi yao.

Dhana: Macho yanayowaka kwenye mti ni ya mchawi

Ni ya komba, kanu au paka wa jirani. Na ile sauti inayofanana na mtoto mchanga analia juu ya mwembe usiku wa manane ni ya komba anayeita wenzake. Bundi naye anafuata panya wa ghalani, wala hajaleta msiba.

Dhana: Kusipowaka macho, hakuna hatari

Kati ya zote, hii ndiyo inayoumiza watu. Nyoka hawana ule utando. Kifutu hulala kimya, rangi yake ni ya majani makavu, na hutegemea kutoonekana badala ya kukimbia. Mtu humkanyaga akiwa anatazama matawi. Usitembee huku ukimulika juu. Simama, tazama juu; ukitaka kuhama, shusha tochi chini usawa wa goti ili mwanga upige ardhi kwa pembeni na kila kitu kitoe kivuli, kisha tembea. Vaa buti.

Nge naye haonekani kwa urahisi kwa tochi ya kawaida, ila ana siri yake: chini ya taa ya urujuanimno, ileile ya dukani ya kukagulia noti bandia, mwili wake hung'aa kijani. Pitisha taa hiyo kwenye rundo la kuni na matofali kabla ya kuingiza mkono.

Dhana: Usiku wa mbalamwezi ndio mzuri

Wavuvi wa dagaa wa Kigoma wanalijua hili: mwezi ukiwa mpevu, taa zao hazivuti samaki, na wengi hupumzika. Uani pia, wanyama wengi wadogo hujificha mbalamwezi ikiwaka, na mng'ao wa macho hufifia. Komba ni tofauti. Yeye huchangamka zaidi.

Dhana: Mwanga mwekundu hawauoni kabisa

Wanauona kwa shida, lakini ukiwa mkali wanauona. Funika tochi kwa karatasi ya nailoni nyekundu, mikunjo miwili, utumie baada ya kumpata mnyama, si wakati wa kumtafuta.

Dhana: Asiyekimbia taa ameshapumbazwa, mkaribie

Mbweha au mbwa asiyeogopa mtu huenda ana kichaa cha mbwa. Rudi ndani. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali usiku huohuo.

Na hata mnyama mzima, taa ikimkaa machoni, hubaki haoni kwa muda, na huo ndio muda wa bundi kumchukua. Ukishamwona komba, sogeza kiini cha mwanga pembeni, umwachie ukingo wake tu. Akitulia, utamwona akilowesha viganja na nyayo kwa mkojo wake, kisha ataruka.