Asilimia 3 Yako, 3 ya Mwajiri: Nani Hasa Analipa Bima ya Afya Kazini?

Kila mwisho wa mwezi, slipu za mishahara zikishatoka, swali hili halikosi kunifikia: "Dada, hii ya bima mbona wamenikata? Si niliambiwa kazi ina bima?" Anayeuliza ana haki ya kuuliza. Kwenye usaili alisikia kuwa kuna bima ya afya, na hakuna aliyemweleza kuwa naye ni mmoja wa walipaji. Nimefanya kazi ya mishahara na mafao ya wafanyakazi hapa Dar es Salaam muda mrefu, na naona watu wazima wenye digrii zao wanasaini fomu za bima bila kujua wanalipa kiasi gani, mwajiri analipa kiasi gani, na siku wakiugua watadaiwa nini tena. Leo nataka tuifungue hesabu hiyo.

Tuanze na NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa sababu ndiyo bima ambayo wafanyakazi wengi wa sekta rasmi wameizoea. Sheria yake ni ya mwaka 1999, na mfuko ulianza kazi mwaka 2001 ukiwa na watumishi wa umma. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi: mfanyakazi anakatwa 3, mwajiri anaongeza 3 kutoka mfukoni mwake. Kwa mchango huo anahudumiwa mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne.

Chukua mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000, na juu yake ana posho ya nyumba na usafiri jumla 350,000. Mkononi anajiona mtu wa 1,250,000. NHIF haiangalii hiyo 1,250,000, inaangalia 900,000. Kwa hiyo yeye anakatwa 27,000, mwajiri anaweka 27,000, na mfuko unapokea 54,000. Kama mchango ungekokotolewa kwa mshahara wote pamoja na posho, kila upande ungelipa 37,500. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya jinsi mwajiri anavyopanga mshahara, kipi akiite msingi na kipi akiite posho, iwe sehemu ya hesabu ya bima. Ukiona msingi mdogo na posho nyingi, makato yako ni madogo leo, lakini na mchango wa mwajiri umepungua vilevile, na si kwenye bima peke yake. Kama na pensheni yako inakokotolewa kwa msingi, nayo inafuata mkondo huohuo.

Watu hudhani nusu kwa nusu ni kanuni ya maumbile. Hapana, ni uamuzi tu, na hapahapa nchini haufanani kutoka mfuko hadi mfuko. Mtumishi wa umma aliyeko PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anachangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anabeba 15. Kwa NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, mgawanyo uliozoeleka ni 10 kwa 10. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unalipwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa senti ya WCF kwenye slipu yako, uliza mara moja. Na hili la WCF lina uzito kwenye mada yetu: ukiumia kazini au ukipata ugonjwa unaotokana na kazi, matibabu hayo yana mfuko wake. Yakipelekwa kwenye bima ya kawaida, maana yake gharama aliyopaswa kuibeba mwajiri imehamishiwa kwenye kikapu ambacho na wewe unakichangia.

Ukivuka mpaka, picha inabadilika kabisa. Kenya, tangu Oktoba 2024, mfuko mpya wa bima ya afya, SHIF, unamkata mfanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 za Kenya, na hakuna kiwango cha juu. Mwajiri hachangii kitu. Kazi yake ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwenye mshahara wa 60,000 za Kenya analipa 1,650 yote yeye, wakati chini ya NHIF ya Kenya ya zamani alikuwa analipa 1,300. Mwenye 500,000 amepanda kutoka 1,700 hadi 13,750. Mimi naona hapo pana kasoro, na naisema wazi: Kenya hiyohiyo inamdai mwajiri alingane na mfanyakazi kwenye tozo ya nyumba, asilimia 1.5 kwa 1.5, lakini kwenye afya imemwachia mfanyakazi mzigo wote. Mwajiri asiyekuwa na hisa kwenye bima ya afya hana sababu ya kuuliza kama fedha zinatumika vizuri.

Rwanda wamekwenda njia nyingine. Bima ya afya ya RSSB, bodi yao ya hifadhi ya jamii, kwa walioajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 7.5 kwa 7.5. Ni ghali ukiilinganisha na ya kwetu, na bado mgonjwa akifika hospitali anajilipia asilimia 15 ya bili. Kwa maana nyingine wamegawa gharama mara mbili, kwanza kwenye mshahara, halafu dirishani.

Hapo ndipo penye kiini cha yote ninayotaka kusema. Gharama ya bima inagawanywa sehemu mbili, na watu wengi huangalia moja tu. Makato ya asilimia yanagawa gharama kwa kufuata kipato: mwenye kingi anatoa kingi. Malipo ya dirishani yanagawa gharama kwa kufuata ugonjwa: anayeugua sana ndiye anayelipa sana. Mwajiri anapokuambia "tumepunguza makato yenu", swali la kwanza liwe: kimeongezwa nini dirishani?

Hili huonekana zaidi kwenye bima za kampuni binafsi. Huko hakuna asilimia ya mshahara. Kampuni ya bima inapanga ada kwa kila kichwa au kwa ukubwa wa familia, M (mfanyakazi peke yake), M+1 (yeye na mtegemezi mmoja), M+2 na kuendelea, kisha inaweka vikomo: kiasi cha mwaka kwa kulazwa, kiasi cha matibabu ya nje, uzazi, meno, miwani. Mwajiri ndiye anayeamua ada hiyo ailipe yote, ailipe nusu, au amlipie mfanyakazi peke yake na kumwachia wategemezi wake.

Tuseme ada ya familia ya M+3 ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi, na kampuni imeamua "tugawane nusu kwa nusu, haki kwa wote". Kila mfanyakazi mwenye familia ya aina hiyo anakatwa 100,000. Meneja wa milioni 3 ametoa asilimia 3.3 ya mshahara wake. Dereva wa 400,000 ametoa robo ya mshahara. Huyo dereva atafanya ambalo mtu yeyote angefanya: ataandika jina lake peke yake kwenye fomu na kuwaacha watoto nje. Kwa mfumo wa asilimia 3 angekatwa 12,000 na meneja 90,000. Nusu kwa nusu inayopendeza kwenye barua ya mkurugenzi imewafukuza watoto wa dereva kwenye bima, na hakuna aliyekusudia.

Kwa hiyo ninapokaa na mwajiri anayenunua bima binafsi, ninamshauri aachane na kiwango kimoja kwa wote. Abebe ada yote, au karibu yote, ya wenye mishahara ya chini, na viongozi wachangie zaidi. Viongozi hulalamika, na huwa nawaonyesha jedwali la asilimia. Tahadhari moja ya kodi hapa: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haihesabu bima ya afya anayolipia mwajiri kuwa kipato cha mfanyakazi, ikiwa inamhusu yeye, mwenza na watoto wao wasiozidi wanne, na ikiwa inatolewa kwa wafanyakazi bila ubaguzi. Ukiwapa mabosi peke yao, msamaha huo unaondoka na thamani ya bima inaingia kwenye mapato ya kutozwa kodi.

Sasa turudi dirishani. Bima nyingi binafsi siku hizi zinamtaka mgonjwa achangie kidogo kila anapoonana na daktari. Tuseme 10,000. Kijana asiye na familia huenda hospitali mara moja kwa mwaka, amelipa 10,000. Mama mwenye presha anayekwenda kliniki kila mwezi amelipa 120,000, kabla hujamhesabia mtoto wake mwenye pumu. Slipu zao zinaonyesha makato sawasawa. Halafu kuna kikomo: matibabu ya nje ya familia yakiwa 1,500,000 kwa mwaka, familia yenye magonjwa sugu inaweza kukimaliza Agosti, na kuanzia Septemba inalipa taslimu huku makato ya bima yakiendelea kama kawaida. Ninawaomba wafanyakazi watazame salio la kikomo chao kila wanapotibiwa, na wasome wanachokisaini kwenye fomu ya kituo. Dawa ambayo hukupewa ikiandikwa kwenye fomu hiyo, imelipwa kutoka kwenye kikomo chako.

NHIF nayo ina dirisha lake. Haikuwekei kikomo cha shilingi namna hiyo, ina kitita cha mafao: orodha ya huduma na dawa zinazolipiwa na bei zake. Kitita kipya kilipoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024, hospitali binafsi kadhaa zilisema bei hizo haziwalipi na zikatangaza kusitisha huduma kwa wanachama. Mchango wa asilimia 6 haukubadilika hata nukta. Aliyebadilikiwa ni mgonjwa aliyekuwa anatibiwa hospitali fulani, ambaye ghafla aliambiwa atoe taslimu au atafute kituo kingine.

Kwenye bima binafsi, wakati wa kuhuisha mkataba ndio wakati ambapo mgawanyo hubadilika bila makelele. Kampuni ya bima huja na hesabu ya madai: mwaka jana mlilipa ada milioni 100, mmetibiwa kwa milioni 95, kwa hiyo ada inapanda. Mwajiri ana njia chache. Alipe nyongeza yeye, aongeze makato, ashushe vikomo, aweke malipo ya dirishani, au aondoe wazazi na watoto wakubwa kwenye orodha. Tatu za mwisho hazionekani kwenye slipu, ndiyo maana huchaguliwa upesi. Wafanyakazi wawe na mtu wao kwenye kikao hicho, wa chama cha wafanyakazi kama kipo, na aombe ripoti ya madai kwa mafungu: kiasi gani kimekwenda kwenye kulazwa, uzazi, dawa, meno. Majina ya wagonjwa hayahitajiki na yasitolewe. Mafungu yanatosha kuonyesha fedha zinavujia wapi.

Kuhusu makato yenyewe, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinambana mwajiri. Hawezi kukata mshahara kwa sababu tu ameona vyema. Lazima makato yawe yameruhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora (makubaliano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi), amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au, pale panapokuwa na deni, uwe umeridhia kwa maandishi. Mchango wa NHIF una sheria yake. Bima binafsi inahitaji kuwekewa msingi mapema, na mahali pake ni kwenye mkataba wa hali bora, si kwenye tangazo la ukutani. Kifungu cha 27 kinakupa haki ya maelezo ya maandishi ya malipo yako. Mimi huwasihi waajiri wachapishe kwenye slipu na mchango wao, si makato ya mfanyakazi pekee. Mtu akiona 27,000 yake na 27,000 ya mwajiri zimekaa pamoja, maswali mengi yanajibika hapohapo, na mwajiri aliyechelewesha mchango wake naye hapati pa kujificha.

Mume na mke wote wakiwa wanachama wa NHIF, huniuliza kwa nini wakatwe wote wawili wakati kadi moja ingewatosha. Sheria inamfuata kila aliyeajiriwa, kwa hiyo mmoja hawezi kujitoa. Lakini wanachosahau wengi ni kuwa kila mmoja ana nafasi zake nne za wategemezi, na wategemezi hao wanaweza kuwa watoto au wazazi wa upande wowote. Mmoja aandikishe watoto, mwingine baba na mama na wakwe. Nimeona familia zikichangishana kwenye kundi la WhatsApp kwa ajili ya matibabu ya bibi wakati nafasi tatu zimekaa wazi kwenye kadi ya mkwe wake.

Kwa wanaohama kazi, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imempa mwajiri wajibu wa kumsajili na kumchangia mfanyakazi wake, kwa hiyo kwa mwajiri mpya hilo liulize siku ya kuripoti, usingoje mshahara wa kwanza. Kwa mwajiri unayemwacha, uliza kwa maandishi bima yako inaishia tarehe gani. Bima binafsi mara nyingi hukatika siku ya mwisho ya kazi hata kama ada ya mwaka ilishalipwa, na mwajiri hurudishiwa au kufidiwa sehemu iliyobaki. Kama wewe ulikuwa unachangia nusu ya ada hiyo na ulishakatwa miezi ya mbele, nusu yako ya salio iingie kwenye malipo yako ya mwisho. Iandike kwenye barua ya madai yako ukitaja miezi na kiasi, na ubaki na nakala.