Kasuku Mzima, Karatasi Mgonjwa

Bibi mmoja aliingia kliniki kwangu na tundu limefunikwa kanga. Ndani, kasuku wa kijivu wa miaka kumi na mmoja, kanona, anaiga mlio wa simu. Mkononi bibi alikuwa na karatasi ya maabara: ndege amekutwa na kirusi cha Borna. "Daktari, nimchinje?" Nilijizuia nisicheke. Kasuku akacheka.

Niko Maskati, na wateja wangu wengi ni Waswahili wenye asili ya Unguja. Ndege huyu, ambaye Waarabu sokoni humwita kasko, kwao ni mtu wa nyumbani. Bibi alitaka kumletea mwenzake, na muuzaji akadai kipimo kwanza. Ndio ikawa balaa.

Ugonjwa wenyewe unatisha kweli. Neva za tumbo huharibika, chakula hakisagiki, mbegu zinatoka nzima kwenye kinyesi, ndege anakula huku anakonda. Ulianza kuelezwa miaka ya 1970, lakini kirusi hakikujulikana mpaka 2008. Kilipopatikana kipimo, tukaona jambo lililotuvuruga: ndege wengi wanacho na wanaishi miaka bila dalili yoyote. Wapo watakaougua baadaye, wapo ambao hawataugua kamwe, na kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, hakituambii nani ni nani.

Tena kirusi hiki hutoka mwilini mwa ndege kwa vipindi. Kijiti cha pamba cha leo hakioni kitu, cha mwezi ujao kinakikuta. Kwa hiyo nachukua sampuli mdomoni, njia ya haja na damu ya kupima kingamwili, kisha narudia baada ya wiki kadhaa. Kuna pia kukata kipande cha mfuko wa chakula shingoni kiangaliwe kwa darubini, lakini neva huharibika kwa mabakamabaka. Unaweza kukata pazuri ukaacha pabovu. Ndege anayekula na kupiga kelele simpasui kwa ajili hiyo.

Kirusi cha ugonjwa wa mdomo na manyoya nacho kina vituko vyake. Tumezoea picha ya koketuu, kasuku mwenye kishungi, aliyenyonyoka, kumbe kasuku mchanga wa kijivu anaweza kufa kwa siku chache, chembe nyeupe za damu zimekwisha, unyoya hata mmoja haujaharibika. Na hapa mtaalamu mwenyewe huweza kuchafua majibu. Ukikata ukucha ili upate tone la damu, vumbi la manyoya lililoganda kidoleni linaingia kwenye sampuli, na vumbi hilo huenda limebeba kirusi cha ndege wa jirani. Mimi natoa damu kwenye mshipa wa shingo. Aliyekutwa nacho bila dalili anatengwa, anapimwa tena baada ya siku 90 hivi, maana wapo wanaokifukuza wenyewe. Nimeona majibu ya ukucha yakimtoa ndege kwao, na damu ya mshipa ikaja kusema hana kitu.

Kirusi cha Pacheco, cha jamii ya herpesi, ndicho kinachoninyima usingizi zaidi: kinalala ndani ya ndege mzima, siku ya safari au kuhamishwa tundu kinaamka, na wanaokutwa wamekufa asubuhi ni wenzake.

Bibi nikamwambia asichinje, na mwenza asimlete. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kumlisha, ampime kwa mizani ya jikoni aandike. Siku ile alikuwa gramu 462. Kinyesi akiangalie kama kina mbegu nzima.

Jioni muuzaji akapiga simu, anataka nimwandikie cheti kwamba ndege wake wote "hawana virusi". Nikamwambia naweza kuandika tarehe, aina ya sampuli, kipimo, na kwamba siku hiyo hakikuonekana kitu. Akasema cheti cha namna hiyo hakiuzi ndege.