Libermann hakuwa mwanzilishi wa kwanza wa Shirika la Roho Mtakatifu

Wengi huamini kwamba shirika la mapadre waliojenga misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 lilianzishwa na Francis Libermann. Kuna ukweli ndani yake, ila nusu tu.

Shirika la Roho Mtakatifu lilianza Paris, siku ya Pentekoste, 27 Mei 1703. Aliyelianzisha, Claude Poullart des Places, alikuwa na miaka 24, wala hakuwa padre bado. Mtoto huyu wa familia tajiri ya Rennes alikuwa amesomea sheria, na babaye alimtarajia mahakamani. Badala yake alikusanya wanafunzi maskini waliotaka upadre, akawapa chakula, makazi na masomo. Alipata daraja takatifu mwaka 1707, akafariki miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 30.

Libermann alizaliwa mwaka 1802, mwana wa rabi wa Kiyahudi huko Alsace, akabatizwa mwaka 1826. Kifafa kilimchelewesha kupata upadre hadi 1841. Mwaka huohuo alianzisha shirika lingine, la Moyo Mtakatifu wa Maria, kwa ajili ya watumwa waliopewa uhuru. Mwaka 1848 shirika hilo lilivunjwa, wanachama wake wakajiunga na lile la 1703, lililotambuliwa na serikali ya Ufaransa lakini likiwa dhaifu. Libermann akachaguliwa mkuu wake.

Alilifufua, hilo halina ubishi. Lakini Afrika yenyewe hakuwahi kufika, na Bagamoyo ilipoanza alikuwa amefariki miaka 16 iliyopita.